Saba Gawanya kwa Nne

Ofisini walimwita Mkalimani, na jina hilo hakulichukia. Kampuni yao ilikuwa na watu kumi na wawili, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, na kazi yao ilikuwa kuandika programu za kompyuta kwa ajili ya shule, maghala na hospitali. Wengi pale walijua lugha moja ya programu, wakijikaza sana mbili. Yeye alizijua saba. Alianza na Pascal chuoni, akaingia C, akafanya COBOL kwa miaka minne katika ofisi ya bima ambako alikuwa mtu pekee asiye na mvi, kisha Java, kisha Python, na nyingine alizookota njiani kwa sababu kuna mteja aliyetaka kazi yake juzi.

Mteja akija na programu ya zamani, ambayo aliyeiandika ameshastaafu na haonekani, aliitwa yeye. Aliisoma mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua za watu, akicheka peke yake alipokuta maelezo ya pembeni ya aina ya "Usiguse hapa, mimi niligusa, nikajuta." Akishaielewa, aliiandika upya kwa lugha ya kisasa. Vijana wapya walipomuuliza anawezaje, aliwajibu kwamba lugha ni lugha tu, ukishajua kufikiri, mkono unafuata wenyewe. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye tangu baba afariki, aliwaambia majirani kwamba binti yake anasemeshana na mashine, na mashine zinamjibu kwa adabu.

Mwaka huo walipewa kazi na hospitali moja ya mjini. Wodi ya watoto ilikuwa na programu ya kukokotoa kiasi cha dawa moja ya sindano, ya kutibu maambukizi makali, kulingana na uzito wa mtoto. Mzee mmoja aliiandika kwa Pascal miaka mingi iliyopita, na kompyuta iliyoibeba ilishaanza kukoroma. Mkalimani aliihamishia kwenye Java. Muuguzi aliingiza uzito wa mtoto kwa kilo kamili, printa ikatoa lebo, lebo ikabandikwa kwenye faili. Wauguzi wakafurahi. Mkurugenzi wa hospitali akaandika barua ya shukrani, na barua hiyo ikatundikwa ukutani karibu na mashine ya kahawa.

Wiki tano baadaye, Jumanne saa nne asubuhi, simu yake ililia. Alikuwa Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, ambaye ndiyo kwanza arudi kutoka likizo ya kumhudumia binti yake aliyejifungua.

"Dada, umeamkaje?"

"Salama, Sista. Karibu tena kazini. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, analia kama king'ora. Sasa nisikilize. Nina lebo hapa mkononi. Mtoto ana kilo saba. Kompyuta inaniambia mililita moja."

"Moja na ngapi?"

"Moja. Moja kavu. Tangu niingie wodi hii, kwa dawa hii, mtoto wa kilo saba ni moja na robo tatu. Nimewauliza wasichana wangu, wanasema labda kiwango kilibadilishwa nikiwa likizo. Nimemuuliza daktari, anasema hajabadilisha kitu. Ndiyo nakuuliza wewe. Mmebadilisha?"

"Umempa?"

"Nani?"

"Huyo mtoto. Umempa moja?"

"Mimi? Nimempa moja na robo tatu. Lakini jana hakupewa na mimi."

Alimwomba Sista asubiri, akaweka simu mezani bila kuikata, akafungua faili. Hakuhitaji kutafuta. Mkono wake ulijua pa kwenda, kama ulimi unavyolijua jino bovu. Hesabu yenyewe ilikuwa mstari mmoja: uzito, gawanya kwa nne. Katika Pascal ya yule mzee, ukitumia mkwaju, ule mstari ulioinama wa kugawanyia, saba gawanya kwa nne inakupa moja nukta saba tano. Katika Java, ukiandika hivyohivyo, na namba zote mbili ni namba kamili, kompyuta inakupa moja. Robo tatu inaitupa. Haikuonyi, haikulalamikii, na wala haihesabu kwamba imekosea, kwa sababu hivyo ndivyo lugha hiyo ilivyokubaliwa ifanye.

Na yeye aliijua tofauti hiyo. Kila kijana mpya alifundishwa jambo hilo na yeye mwenyewe, wiki ya kwanza, ubaoni, kwa kalamu nyekundu. Lakini wiki ile ya kuandika mstari ule, asubuhi alikuwa akimalizia ripoti ya ghala kwa Python, ambako mkwaju unabakiza desimali. Pascal ya mzee ilikuwa wazi upande wa kushoto wa skrini, nayo inabakiza desimali. Na Java ilikuwa upande wa kulia. Mkono ulifuata wenyewe.

Akafungua majaribio aliyoyafanya kabla ya kuikabidhi kazi. Alikuwa amejaribu kwa mtoto wa kilo nane, kumi na mbili, kumi na sita na ishirini. Zote zinagawanyika kwa nne bila baki. Alizichagua kwa sababu majibu yake angeweza kuyahakiki kichwani bila kupoteza muda.

Akaichukua simu. "Sista, upo?"

"Nipo."

"Msiziamini lebo. Kuanzia dakika hii. Zima printa, rudini kwenye karatasi na kalamu. Kosa ni letu. Ni langu."

Sauti ya Sista sasa haikuwa ya mtu anayeuliza habari za mjukuu. "Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza kuitumia. Wiki tano."

Alisikia kiti kikisukumwa, viatu vikikimbia sakafuni, na Sista akiita, "Wasichana! Acheni mlichoshika, njooni hapa!" Kisha simu ikakatika.

Bosi alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, akila ndizi huku akisoma barua. Yeye na Mkalimani walisoma darasa moja chuoni, na wakiwa wawili tu hawakuitana kwa vyeo. Mkalimani alifunga mlango, akamweleza yote akiwa amesimama. Bosi aliiweka ndizi juu ya bahasha.

"Umeshalirekebisha?"

"Ni suala la dakika mbili. Hilo silo tatizo."

"Basi rekebisha, tupeleke toleo jipya mchana huu, tuseme ni maboresho. Kisha tutafute namna ya kulizungumza taratibu, tukiwa na wakili."

"Nimeshamwambia Sista."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba lebo ni za uongo na kosa ni langu."

Bosi aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. "Dada, una akili timamu kweli? Kuna watu kumi na wawili hapa. Ungeniuliza kwanza!"

"Kulikuwa na watoto wanaopigwa sindano saa nne na nusu. Saa ilikuwa nne na dakika kumi."

Bosi alikaa tena, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. Akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi niliipitisha bila kuisoma. Nilisema kazi ya Mkalimani haihitaji kukaguliwa." Akaitazama ile ndizi kana kwamba ni ya mtu mwingine, akaitupa kwenye kapu. "Chukua begi lako. Twende huko hospitali, tusingoje kuitwa."

Walikaa huko hadi jioni, na kesho yake, na keshokutwa yake. Chumba walichopewa kilikuwa stoo ya mashuka, na kompyuta iliwekwa juu ya meza ya kukunja. Mkalimani alitoa orodha ya kila mtoto aliyeandikiwa dawa ile ndani ya wiki tano: mia mbili na kumi na wawili. Akaondoa wale ambao uzito wao uligawanyika bila baki. Walibaki mia moja hamsini na saba. Kila mmoja alipewa pungufu, wengine kwa robo ya mililita, wengine kwa nusu, wengine kwa robo tatu, na kadiri mtoto alivyokuwa mdogo ndivyo pengo lilivyokuwa kubwa kwake.

Sista na wasichana wake walipiga simu nyumba kwa nyumba. Mkalimani alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Halo, mama wa mtoto aliyelazwa mwezi uliopita? Hapana, usishtuke. Anaendeleaje? Anacheza? Mshukuru Mungu. Hata hivyo tunaomba umlete tumwangalie." Wengi walikuwa wamepona. Daktari, kijana mwembamba aliyetembea haraka hata pasipokuwa na haraka, alieleza kwamba miili ya watoto ina nguvu kuliko tunavyodhani, na kwamba wauguzi wengine, kwa mazoea tu, walikuwa wakijaza bomba la sindano kupita lebo. Watoto tisa walirudishwa wodini. Wanane walipewa dawa upya wakatoka baada ya siku chache. Wa tisa alikaa wiki tatu, na aliporudi nyumbani sikio moja, kwa sababu ya maambukizi yale, lilikuwa bado halisikii vizuri.

Siku ya tatu, Sista aliingia stoo akiwa na faili moja. Hakuketi.

"Huyu hatukumpigia simu," alisema.

Lilikuwa faili la mtoto wa kike wa miezi minane. Uzito wake kilo saba. Alilazwa wiki ya pili ya programu mpya, akapewa mililita moja kila mara kwa siku mbili na nusu, akafariki. Lebo zilikuwa humo, tano, zimebandikwa sawasawa, moja chini ya nyingine.

Mkalimani alizisoma zote tano. "Ningeandika vizuri, angepona?"

Aliyejibu ni daktari, akiwa mlangoni. "Alifika akiwa mahututi. Katika watoto kumi wanaofika katika hali ile na wakapewa kiasi kamili, tunawapoteza watatu, wanne. Huenda angekuwa kati ya hao. Huenda asingekuwa. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa, dada. Sijui, na hakuna kipimo kitakachoniambia."

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, jua likiwa bado juu. Mama yake alikuwa barazani akichambua mchele kwenye ungo. Alimtazama binti yake mara moja tu, akausogeza ungo pembeni.

"Nani kafa?" aliuliza.

Mkalimani alicheka kicheko kibovu, kisha akalia. Alimweleza mama yake bila neno hata moja la kitaalamu: kwamba ipo lugha inayotunza vipande na ipo lugha inayovitupa, na kwamba yeye alisahau ipi ni ipi. Mama alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani.

"Hao wazazi wameshaambiwa?"

"Bado. Mkurugenzi wa hospitali anasema daktari atawaandikia barua. Bosi anasema nisionekane huko kabisa, wakili kakataza."

Mama alichukua punje moja ya mchele, akaitazama, akaitupa uani. "Kaka yako, yule aliyetangulia kabla yako," alisema. "Sijawahi kukuhadithia vizuri. Tulimpeleka akiwa na homa. Tukapewa kitanda. Asubuhi wakatuambia ameshindwa. Ameshindwa nini? Mtoto wa mwaka mmoja alikuwa akishindana na nani? Nilimuuliza daktari, akanipita. Nilimuuliza muuguzi, akanipa kitambaa. Baba yako alisema tuache, tumwachie Mungu, na tukamwachia. Lakini mwanangu, mpaka leo, miaka hamsini karibu, nikiwa peke yangu nafikiri labda nilimfunika sana. Au nilimfunika kidogo."

"Mama."

"Sisemi mtu alikosea. Nasema sikuja kuambiwa. Sikutaka mtu afungwe. Nilitaka mtu mmoja aje, akae kwenye kiti, aniambie."

Asubuhi Mkalimani alimpigia Bosi, akamwambia anakwenda. "Siwezi kukuruhusu," alisema Bosi. "Na siwezi kukuzuia. Kwa hiyo hii simu hukuipiga."

Walikwenda watatu: daktari, Sista na yeye. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na mbele yake palikuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma. Baba wa mtoto alikuwa fundi wa mageti na madirisha. Alivua miwani yake myeusi, akaosha mikono kwenye ndoo, akawakaribisha ndani. Mkewe alileta viti, kimoja akakiazima kwa jirani. Alikuwa msichana mdogo kuliko Mkalimani alivyotarajia, amevaa sweta la mumewe.

Daktari alieleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, lakini alitumia maneno "hitilafu ya mfumo" mara tatu, na kila alipoyatumia baba wa mtoto alikunja uso kama mtu asiyesikia vizuri. Mara ya tatu akainua mkono.

"Samahani, daktari. Mfumo ni nani?"

Mkalimani akasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeiandika hiyo programu. Kompyuta ilifanya nilichoiambia, na nilichoiambia kilikuwa kosa."

Nje, kipande cha chuma kilichoegemezwa ukutani kiliteleza, kikaanguka kwa kishindo, na hakuna aliyegeuka kutazama.

"Nionyeshe," alisema baba.

"Nikuonyeshe nini, kaka?"

"Hilo kosa. Liandike nilione."

Alimletea daftari lake la vipimo, lililojaa michoro ya mageti na alama za vidole vya grisi. Mkalimani aliandika mstari ule kama ulivyokuwa. Pembeni akaandika alichotaka mashine ijibu, na chini yake ilichojibu. Baba alilivuta daftari, akalitazama kwa muda mrefu.

"Ni hiki kijistari?"

"Ndiyo. Kijistari chenyewe hakina kosa. Ilitakiwa niandike nne nukta sifuri, mashine ijue kwamba nataka na vipande."

"Nukta sifuri."

"Ndiyo."

"Mimi nikikosea kipimo," alisema polepole, "geti halifungi. Mteja ananirudishia, nakata, naunga upya." Aliinuka akatoka nje. Walimsikia akisogeza vyuma huku na huku bila kazi yoyote.

Mama wa mtoto alimtazama Mkalimani usoni. "Angepewa yote, angepona?"

"Sijui, mdogo wangu. Daktari naye hajui. Ningependa kukuambia hapana, ili nilale. Siwezi. Alistahili kupewa yote, na hakupewa."

Msichana aliinamisha kichwa. Alivuta mikono ya lile sweta mpaka vidole vikapotea. "Mimi nilidhani nilichelewa," alisema. "Nilikaa naye siku moja zaidi, nikimpa dawa ya dukani. Mama mkwe anasema nilichelewa. Kila mtu ananiambia pole, lakini machoni naona wanasema ulichelewa." Machozi yalimtoka bila sauti. Sista alisogeza kiti chake, akamkumbatia, wala hakumwambia anyamaze.

Walipoaga, baba aliwasindikiza hadi barabara ya lami, akitembea hatua mbili mbele yao. Pale aligeuka kwa Mkalimani.

"Umekuja, nimekuona," alisema. "Lakini sitaki kukudanganya. Sina msamaha wa kukupa leo. Na sijui kama kesho nitakuwa nao."

"Sikuja kuuchukua."

"Vizuri." Akampa mkono daktari, akampa mkono Sista. Kwa Mkalimani aliinamisha kichwa tu, akarudi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yalivyokwenda. Hospitali iliunda kamati. Kampuni ilizuiwa kwa miezi sita kugusa programu yoyote ya wagonjwa, na wateja wawili wakahama bila kuaga. Mkalimani aliandika barua ya kujiuzulu; Bosi aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Ukiondoka nani atasoma uchawi wa wazee?" alisema, lakini hawakucheka. Alimwagiza badala yake apange upya namna wanavyokaguana, na kuanzia hapo hata mstari mmoja haukutoka nje ya jengo lile kabla ya macho mengine mawili kuupitia, hata yakiwa ya kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye mwanzoni aliona haya kumsahihisha dada mkubwa, baadaye haya ikamwisha.

Kazi aliendelea nayo, ila wepesi ulimtoka. Akitoka kwenye lugha moja kwenda nyingine alisimama kwanza, akafunga faili zote, akanywa maji. Mkono wake ulikwama kila ulipofika kwenye mkwaju. Vijana waliona, wakajifanya hawaoni.

Taarifa ya kamati ilikuja mwezi wa nne tangu iundwe, kurasa thelathini. Bosi aliifungua mbele yake, akaruka hadi ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti: kuhusu kifo cha mtoto, haikuwezekana kuthibitisha kwamba upungufu wa dawa ndio uliokisababisha. Alishusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Umeona? Wamekusafisha."

Mkalimani alizichukua zile karatasi, akaisoma sentensi hiyo mwenyewe, mara mbili.

"Hapana," alisema. "Wamesema hawajui."

Akamrudishia, akaenda kwenye meza yake. Kulikuwa na ripoti ya ghala iliyotakiwa mchana.